Mbili na Nusu

Pigo la kwanza halikunilenga mimi. Lilimlenga kiboko.

Nataka hilo lieleweke mapema, maana baadaye ndugu zangu walilishikilia kama mfa maji: kwamba kaka alipiga mdoli, na mdoli haumii. Ni kweli alipiga mdoli. Lakini kiboko wa sponji na kitambaa hajifumbui mdomo mwenyewe. Ndani ya taya zake mna mkono wa mtu, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niingie studio ile, mkono huo ulikuwa wangu.

Mwaka mzima kabla ya hapo mimi nilikuwa mkono wa kulia tu. Kikaragosi mkubwa huchezwa na watu wawili waliobanana chini ya meza. Mmoja huingiza mkono kichwani, ndiye anayeongea na kuuchezesha mkono wa kushoto. Mwenzake hushika mkono wa kulia, na kazi yake ni kufuata. Ukichelewa kidogo tu, mnyama anaonekana kapooza. Kichwa alikuwa Sponji. Ndivyo wote tulivyomwita, kwa kuwa nywele zake hazikukosa vumbi la sponji aliyoikata kwa kisu usiku na mchana. Alianza na soksi mbili kwenye sherehe za kuzaliwa za watoto wa watu. Akakaa miaka sita chini ya meza katika kipindi cha watoto cha asubuhi, uso wake usionekane hata siku moja. Akapewa kipindi chake mwenyewe, kipindi cha kiboko, na sasa alikuwa amepewa filamu. Filamu nzima ya saa moja na nusu, yeye akiwa mwongozaji. Na mwongozaji hawezi kuwa chini ya meza na nyuma ya kamera kwa wakati mmoja. Basi asubuhi ile akaubana mkono wa kulia wa kiboko kwa pini, maana tukio hilo halikuuhitaji, akanivalisha kiboko yeye mwenyewe, akakivuta kitambaa mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake vikakawia pale.

"Kulia," akaniambia, "leo wewe ndiye kichwa."

Kulia ndilo jina alilonipa tangu wiki ya kwanza. Wengine walidhani ananitania kwamba mimi mlizi. Yeye alisema kulia ni upande, tena ndio upande anaouamini. Sikuwahi kumwambia kuwa maana zote mbili zilinifaa.

Nilimuuliza kama hatapakumbuka chini ya meza. Akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akanijibu karibu na sikio kuwa pale ndipo mahali pekee alipowahi kukaa saa nane amekunjwa kama shati, na bado asitake kutoka. Kisha akainuka, uso mzito kama wa hakimu, akaamuru watu wakae kimya. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa maikrofoni itaunasa.

Aliye chini ya meza haoni kitu ila skrini ndogo iliyowekwa sakafuni. Dunia yake yote ni shubiri mbili. Tulikuwa katikati ya tukio, kiboko anatafuta viatu vyake, nikaona kifua cha mtu kikiingia pembeni mwa picha. Shati la bluu, kichwa hakuna. Kamera ilikuwa imemkata shingoni. Nikadhani ni fundi wa umeme. Mafundi wa umeme walikuwa na tabia ya kukatiza mbele ya kamera kama wanakatiza uwanja, na sisi tulikuwa na sheria yetu: mtu akiingia kwenye picha, kikaragosi hafi. Hanyamazi wala haanguki. Anamgeukia huyo mtu, anamshughulikia, studio icheke, halafu tunarudia.

Basi nikamgeuza kiboko. Nikamtazamisha yule mtu kuanzia tumboni, polepole, mpaka pale palipopaswa kuwa na uso, nikaitoa ile sauti nzito.

"Kumbe ni wewe uliyevaa viatu vyangu. Nahesabu mpaka tatu. Moja. Mbili..."

Kila aliyekuwa studio alijua kinachofuata. Kila mwenye televisheni alijua. Kiboko hafiki tatu. Husema mbili na nusu, mbili na robo tatu, mbili na kitu, mpaka mwenyewe anasahau alikuwa anahesabu nini. Watoto walilisema neno hilo shuleni, wake waliwatania waume zao nalo.

Kwenye mbili, bomba la chuma lilishuka.

Maumivu hayakuja kwanza. Ilikuja sauti, kavu, kama ya kuni inayovunjwa gotini. Ndipo mkono ukawaka mpaka begani, na kabla sijapumua pigo la pili likaja. Meza ikapinduka, taa kubwa ikaanguka na kupasuka, nami nikawa chali sakafuni na kiboko juu yangu, shavu lake limebonyea. Nikatazama juu. Nikauona ule uso ambao kamera ilikuwa imeukata.

Alikuwa kaka yangu.

Mtaani wanamwita Nondo. Anachomelea mageti, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyekuwa baba. Alinitazama mimi, akamtazama kiboko, akanitazama tena, bomba likiwa bado juu. Hata leo naweza kuapa: hakutegemea kunikuta. Alidhani humo ndani yumo Sponji. Midomo yake ilifunguka aseme jambo.

Hakupata nafasi. Sponji alimrukia kutoka nyuma ya kamera, akaiangusha na kamera yenyewe. Pigo la kwanza lililitoa bomba mkononi mwa kaka, likaenda likivingirika mpaka ukutani. La pili likamkalisha kaka. La tatu, la nne na la tano alipigwa akiwa amelala, na jino moja liliruka nikaliona linavyoruka. Kila pigo mimi nililijua kabla halijafika, kwa sababu Sponji alivuta pumzi puani kwanza, fupi na kali, kama mtu anayenusa pilipili. Pumzi hiyo naijua. Nimekua nayo ndani ya nyumba. Iliniogopesha kuliko bomba.

Aliyemkomesha ni Shangazi. Shangazi hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale; ndiye fundi cherehani aliyewashonea vikaragosi nguo, na wote tulimheshimu hivyo. Alimkamata Sponji kola na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akiendelea ataua, na wauaji hawapewi filamu ya pili. Sponji akasimama. Ngumi zake zilikuwa na damu ambayo sikujua ni ya nani.

Akaja akapiga magoti mbele yangu, akaunyoosha mkono anishike shavu. Nikajikunja. Sikukusudia, mwili ulijikunja wenyewe. Aliona, na mkono wake ukabaki hewani, haujui pa kwenda.

*

Hospitali walitaka kumkata kiboko kwa mkasi ili waufikie mkono. Shangazi alikataa. Alikaa pembeni ya kitanda akafumua mshono mmoja mmoja kwa kisindano chake, daktari amesimama, huku akilaani chini kwa chini. Sikujua anamlaani kaka au anamlaani daktari. Mkono ulipotoka ulikuwa umevimba kama si wangu. Eksirei ilionyesha mifupa mitatu ya kiganja imevunjika, na kidole cha kati. Kidole gumba kilikuwa kizima. Nikamuuliza daktari kama kiganja kitafumba na kufumbua kama zamani, maana kwetu gumba ni taya la chini na vidole vinne ni la juu. Alisema nikae na plasta wiki sita, ndipo tutajua. Yeye si mpiga ramli.

Sponji aliingia saa sita mchana, mikono imevimba vifundoni. Shangazi akakumbuka ghafla kuwa anasikia kiu, akatoka. Sponji alisema mengi, na yote kwa haraka. Alisema polisi wanasubiri maelezo yangu, na kwamba kaka atafungwa, atahakikisha anafungwa. Alisema mimi sirudi tena kule nyumbani.

"Nakuoa wiki hii hii," akasema. "Nimeshamaliza."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaota mwaka mzima. Niliyaota yakisemwa polepole, nikibembelezwa. Yalikuja kama mtu anayepanga vyombo.

"Umempiga mara ngapi?" nikamuuliza.

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Tano."

"Amekuvunja mkono, Kulia. Ulitaka nimpigie makofi?"

"La kwanza lilimtoa bomba mkononi."

Aliangalia dirisha. Nikaona nikingoja nipone ndipo niseme, sitasema kamwe, basi nikamwambia kwamba mbili na nusu sikuitunga yote mimi.

Alikumbuka siku yenyewe. Wiki ya kwanza, chini ya meza, alitafuta neno la kiboko mkali asiyemtisha mtu, nami nikampa lile, tukacheka mpaka tukagongana vichwa. Kipindi kizima kilisimama juu ya neno hilo. Filamu nayo.

"Ni la kaka yako?" akauliza.

"Kaka hana nusu. Kaka husema nahesabu mpaka tatu. Halafu anapiga kwenye mbili."

Sponji akaketi.

"Viatu vyake visipoonekana, anahesabu. Chai ikipoa, anahesabu. Tangu nina miaka minane sijawahi kuisikia tatu. Ile nusu niliiongeza mimi. Nilitaka pawe na mahali, hata pamoja tu, ambapo mbili inapita na mtu hajapigwa."

Aliposema, hasira ilikuwa imebadilika sura, lakini ilikuwa hasira bado. Kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akimvua mtu nguo mbele ya watu, yeye hajui, mimi najua. Ningemwambia.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningeweka mlinzi mlangoni."

Nusura nicheke. Mkono ukanikataza. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema, nikaona nimalize.

"Uliwahi kuniuliza nilijifunza wapi kufuata, mkono wangu unafika kabla wewe hujaamua. Nikakwambia ni kipaji. Si kipaji. Nilijifunza kusikia pumzi ya mtu kabla ngumi haijaja. Leo nimeisikia kwako."

Akapauka.

"Usinifananishe na yule."

"Sikufananishi. Nimesikia."

"Mimi nimekutetea."

"Mpaka la kwanza, ndiyo."

Akainuka na kukipiga chuma cha kitanda kwa ile ngumi iliyovimba. Kitanda kikatikisika, chupa ya dawa ikaanguka na kupasuka, nami nikapiga kelele kwa maumivu. Muuguzi akachungulia. Sponji akaitazama ngumi yake kama kitu alichokiokota njiani.

Nikamwambia aende. Nilimwambia kwa upole, maana sikuwa na nguvu ya namna nyingine. Mlangoni aligeuka, akaniita jina langu la kweli, ambalo hakuwahi kulitumia, na hilo ndilo lililoniuma. Alipoondoka nililia mpaka mto ukalowa pande zote mbili. Nilikuwa nimemtoroka mtu wa ngumi mwaka mzima, saa nane kwa siku, nikienda kujificha kwapani mwa mwingine. Ndivyo nilivyoona. Na pamoja na kuona hivyo nilitamani arudi.

*

Mama alikuja kunichukua siku ya tatu, akanirudisha nyumbani. Nitafanya nini, nami hata kufunga vifungo vya blauzi siwezi. Kaka alikuwa sebuleni, mdomo umeshonwa, jino moja la mbele halipo. Kila neno lenye herufi ya s lilimtoka na upepo, na hakuna aliyethubutu kutabasamu.

Maneno ya nyumbani yalikuwa yameshapangwa. Mama aliyasema njiani na akayarudia tulipofika: kaka hakukusudia, alipiga mdoli, angejuaje kuwa nimo? Kwa hiyo hapana kosa, yaishe. Polisi niwaambie nilianguka. Studio basi. Kaka alikuwa amelifunga geti, geti alilolitengeneza mwenyewe kwa vyuma vizito kama vya jela, na ufunguo ameuning'iniza shingoni kwa kamba.

Nilikuwa na jambo moja ambalo ni haki yake kulijua, nami nikalisema.

"Kaka, yale maneno niliyatoa mimi. Yeye hakujua ni yako. Kama umetukanwa, mimi ndiye niliyekutukana. Nisamehe."

Kofi lilinikuta sikioni kabla sijafunga mdomo. Nililisikia likija, lakini kwa plasta ile ningejikinga na nini? Nikaanguka juu ya kochi. Mama akatazama sakafu. Siku zote mama hutazama sakafu.

Kaka alisimama mbele yangu anahema, na sauti iliyomtoka haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa ya hasira. Aliniambia kuhusu mteja aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi, aliyekuja kuchukua geti, akaulizwa lini atamaliza malipo, akajibu mbili na nusu, na vijana wa karakana wakaweka zana chini wasiweze kufanya kazi kwa kucheka. Ndipo akaanza kukitazama kile kipindi. Akaona viatu. Akaona chai iliyopoa. Akajiona.

"Nilikulea," akasema. "Nimekula mkate mkavu ili wewe uvae sare. Ukanifanya kiboko."

Nikamuonea huruma. Shavu linawaka, sikio linalia, na bado nikamuonea huruma. Huo ndio ugonjwa wa nyumba yetu.

Saa tisa mchana geti likagongwa. Nilimjua kwa namna alivyogonga. Kaka naye alijua; alipita barazani, akachukua nyundo kwenye sanduku la zana, akatoka. Nikamfuata. Mama alinikamata gauni, nikaliacha lichanike.

Sponji alikuwa peke yake, amenyoa, amevaa shati safi, uso umekonda kwa siku tatu kama mtu aliyelazwa yeye. Hakunitazama. Alishika vyuma vya geti kwa mikono yake yote miwili na kumwambia kaka kwamba hakuja kumchukua mtu, amekuja kuongea na yeye.

Kaka alimwita mcheza midoli. Alimuuliza mwanaume gani anaishi kwa kuingiza mkono kwenye matako ya kiboko. Sponji alisema ni kichwani, lakini si kitu, wengi hukosea. Kwa wakati mwingine ningeanguka kwa kicheko. Kaka aliinua nyundo.

"Nahesabu mpaka tatu uwe umeliachia geti langu."

Sponji alijua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, hospitali, kwamba kaka hafiki tatu. Nikamwona anavikaza vidole kwenye vyuma badala ya kuviachia. Nikaelewa alichokuja kukifanya, mjinga yule. Alikuja kulipa kwa mikono. Mikono iliyokata kila kiboko, kila fisi, kila sungura aliyewahi kusema kitu kwenye televisheni. Mikono ile ile iliyopiga matano.

"Moja," kaka akasema.

Sponji akafumba macho.

Nikaisikia pumzi ya kaka ikiingia puani.

"Toa," nikasema.

Sikupaza sauti. Nilisema kama tunavyosemeshana chini ya meza, neno moja, la kazi. Mwaka mzima yeye alikuwa kichwa na mimi mkono. Siku hiyo mikono yake ilinisikia mimi kabla yeye hajaamua. Ikatoka. "Mbili" na nyundo vilishuka pamoja juu ya chuma kitupu, geti likalia mtaa mzima, na mtikisiko ukampanda kaka mpaka begani. Nyundo ikamponyoka, ikamwangukia mguuni. Alipiga ukelele wa mnyama. Akageuka, mkono wa kulia unaning'inia, akainua wa kushoto juu yangu.

"Kaka," nikasema, "leo hakuna mdoli. Ukipiga, umenipiga mimi. Hutamwambia mtu kuwa hukujua nimo."

Mkono ulibaki juu. Sikujikunja. Nilimtazama machoni, na kwa mara ya kwanza maishani niliona mtu mzima akitafuta la kufanya na mkono wake.

Ndipo mama akapita kati yetu. Mama yangu ni mfupi. Ilimbidi anyanyuke kwa vidole vya miguu kuifikia kamba shingoni mwa kaka. Akaivuta ikakatika. Akauchukua ufunguo, akaenda getini, akafungua, akalisukuma geti lote mpaka ukutani.

"Nimetazama sakafu miaka kumi na minne," akasema, bila kumwangalia mtu. "Naijua kila ufa. Mwanangu, kachukue nguo zako."

Niliporudi na mfuko, wale wawili walikuwa wamesimama uso kwa uso na hakuna chuma kati yao. Kaka hakuwa na nyundo, mkono mmoja umekufa ganzi, mguu mmoja anauburuta. Kwa maneno mengine, alikuwa kama mimi nilivyokuwa siku zote. Sponji angeweza kumfanya alivyotaka, na kaka, kwa kuwa hakujua kunyamaza, akamtukania Sponji mama yake.

Nikaisikia. Fupi, kali, puani. Nikasimama pale pale na mfuko wangu. Nilijua kwamba maisha yangu yako ndani ya pumzi ile, na kwamba safari hii sitasema neno lolote. Hili si la kusaidiwa.

Ilikaa kifuani mwa Sponji muda mrefu mno. Kisha akaiachia, taratibu, kwa mdomo, kama mtu anayepuliza chai.

"Kaka," akasema. "La kwanza sikuombi radhi. Dada yako alikuwa chini na bomba lilikuwa juu, na kesho nikilikuta juu nitapiga tena. Lakini la pili, la tatu, la nne na la tano hayakuwa ya kumtetea mtu. Yalikuwa ya hasira zangu. Hayo nakuomba radhi."

Kaka hakusamehe. Nisidanganye. Alitema mate pembeni, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaushika mkono wake ulioganda na kuanza kuupapasa. Mama akaenda jikoni, akarudi na kitambaa cha maji, akakaa ngazi ya chini yake. Hakumpa pole. Alimfunga mguu, basi.

Nikatoka getini. Sponji alingoja hatua tatu nyuma, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Nilimwambia naenda kwa Shangazi, nitakaa kwake mpaka plasta itolewe. Polisi nitawaeleza yaliyotokea, yote, ya kaka na yake. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama anaruhusiwa kuja kuniona.

"Njoo mchana. Na usije na habari za kunioa wiki hii."

"Sitakuja nazo."

"Kichwa umempa nani?"

"Kichwa ni chako. Nimewaambia wenye filamu wakungoje."

"Wiki sita? Watakufukuza."

"Wamenipa nne. Mbili nitawadanganya."

Hapo nikacheka. Sikio liliuma, mkono uliuma, nikacheka hivyo hivyo. Tukaanza kutembea, jua limelala upande mmoja wa barabara, watu wanatuangalia, yeye na vifundo vyake vya kijani na mimi na gauni lililochanika. Baada ya nyumba kama tano akanyoosha mkono kuuelekea mfuko wangu, akausimamisha katikati, akangoja.

Mfuko nikampa. Mkono wangu mzima ukabaki huru, unaning'inia kati yetu. Aliutazama, nami nilimwona akiutazama. Sikumpa.

Lakini sikuuficha pia.